Sketi isiyochanika

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko Ngamiani, Tanga, na kuanzia Novemba mpaka katikati ya Januari kazi yangu karibu yote ni sare za shule: sketi za bluu, kaptula za kaki, mashati meupe, hijabu za watoto. Zikishatoka kwangu hukaa miezi miwili mitatu, kisha zinaanza kurudi. Mzazi anafika na mfuko mkononi, anasema, "Fundi, hebu nitazamie hii," nami naikunjua mezani.

Miaka 16 ya kuzikunjua imenifundisha kumjua mtoto nisiyemwona. Kaptula iliyofumuka msamba ni ya mruka mitaro. Shati lililoachia kwapani ni la mrushaji, na msimu wa maembe mashati hayo huja kwa wingi. Lupu ya mkanda iking'oka, basi mwenye kaptula alikuwa mbele na mwenzake akamdaka kwa nyuma. Sketi iliyokatika pindo upande mmoja, huyo alichuchumaa kwenye mdako akajikanyaga wakati wa kuinuka, au alikuwa akikimbia na mtu akamkanyagia. Wazazi wengi huleta nguo hizi wakilalamika. Mimi huzishona nikifurahi, kwa sababu najua mwenye nguo ni mzima.

Mwezi wa sita mwaka jana shule zilipofungwa, nikaichukua sketi ya binti yangu nishushe pindo. Alikuwa na miaka minne na nusu, anasoma awali kwenye shule moja binafsi hapa mjini, na alikuwa amerefuka. Nikaikunjua mezani kama ninavyokunjua za watu. Pindo zima. Lastiki nzima. Mishono ya ubavuni kama nilivyoipiga Januari. Mahali pamoja tu palikuwa pamebadilika, makalioni. Kitambaa kilikuwa kimeanza kung'aa.

Mng'aro ule naujua. Tetroni ikisuguliwa mahali pamoja siku baada ya siku, nyuzi zake hulala na kitambaa kikapata mng'aro ambao pasi haiuondoi. Nimeuona kwenye suruali za makarani na za madereva wa mabasi. Sijawahi kuuona kwenye sketi ya mtoto wa miaka minne.

Nilikaa na sketi ile mapajani muda mrefu. Kisha nikaanza kuihesabu siku yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari la shule linampitia nyumbani Makorora, linazunguka mitaa kukusanya wengine, linafika shuleni saa moja na nusu: saa nzima amekaa. Darasani mpaka saa sita na nusu. Gari tena. Saa saba na nusu anashushwa kibarazani kwangu, anakula, namweka chini ya meza ya kukatia na simu yangu, anatazama katuni. Nilimweka pale kwa sababu nje kuna bajaji na bodaboda, na ndani kuna mikasi na pasi ya moto. Saa tisa kijana wa bodaboda tunayemwamini anampeleka chuoni kusoma Kurani, saa kumi na moja anamrudisha. Nyumbani, televisheni. Anakula, analala.

Kila kituo kwenye siku ile kina mtu mzima anayempenda. Na kila mmoja wetu, kwa upendo ule ule, alikuwa amempa kiti.

Jumamosi moja nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikawa napiga mstari kila mtu mzima anapomwambia akae, atulie, ashuke, aache kurukaruka. Hakukuwa na shule siku hiyo. Adhana ya magharibi inaita, mistari ilikuwa 41, na mingi ilikuwa yangu. Mingine ya wifi yangu, mmoja wa jirani aliyepita dirishani tu.

Lugha yetu yenyewe inamsifu mtoto aliyetulia. Mgeni akiingia akamkuta kwenye kochi, mikono mapajani, utasikia, "Mashaallah, katulia huyu." Anayepanda na kushuka ni mtundu. Akiwa wa kike ndiyo kabisa, ana mapepe. Sitaki nieleweke vibaya, maana utulivu ni adabu na mimi nimelelewa nao. Mtoto atulie mbele ya msahafu, atulie mezani, atulie kwa mgonjwa. Sisi tulikuwa tumeufanya kuwa hali yake ya kutwa nzima, halafu tunamwambia shangazi yake kwa simu kwamba huyu hatusumbui.

Mdogo wangu yuko Korogwe anasomea ualimu wa awali. Nilipomsimulia habari ya sketi hakucheka. Alinitumia kurasa za mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019, unaohusu watoto wa chini ya miaka 5, akanifafanulia kwa ujumbe wa sauti. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji angalau dakika 180 kwa siku za kuuchezesha mwili kwa namna yoyote, zikitawanyika kutwa, na 60 kati ya hizo ziwe za kuhema. Skrini akiwa amekaa isizidi saa moja, na ikipungua ni bora. Usingizi saa 10 mpaka 13. Asibanwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo. Akishatimiza miaka 5 anaingia kwenye mwongozo mwingine, wa 2020: wastani wa dakika 60 kwa siku za nguvu ya kati na kubwa, na angalau siku tatu za wiki ziwepo shughuli za kuimarisha misuli na mifupa. Kwa mtoto, hizo ni kuruka, kupanda, kuning'inia kwenye tawi.

Nikazitafuta dakika 180 kwenye siku ya binti yangu. Nilipata kama 25, nikihesabu na kutoka mlangoni kwenda garini.

Lazima nimtaje mama yangu hapa, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kutenda wakati mimi bado nahesabu. Yeye na binti yangu ni masomo, jina lao moja, na wanaitana hivyo hivyo: "Somo yangu." Mama alianza darasa la kwanza mwaka 1970 hapa hapa Tanga. Anasema kila asubuhi kabla ya mstari shule nzima ilikimbia mchakamchaka, wakubwa mbele, wadogo nyuma, wakiimba, na aliyechelewa aliwakuta barabarani akajiunga. Akitoka shule ni kuchota maji, kisha rede mpaka aitwe. Mitaa ya Ngamiani wakati huo ilikuwa mchanga na magari ya kuhesabika. Hakuna aliyewaambia kwamba wanafanya mazoezi.

Jumapili moja alikuja Makorora akamkuta somo yake kwenye kochi. Hakunihutubia. Aliniomba soksi kuukuu na matambara, akaviringa mpira na kuufunga kwa uzi wangu mnene, akajifunga kibwebwe, akatoka uani. Ana zaidi ya miaka 60 na goti moja linamsumbua, kwa hiyo aliomba asimame upande mmoja, mimi upande wa pili, mtoto katikati. Kwa asiyeijua rede: wawili wanarushiana mpira wakimlenga wa katikati, naye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akiijaza kabla hajapigwa, ameshinda.

Binti yangu hakujua kukwepa. Mpira ulipomjia alifumba macho, akaziba uso kwa viganja, akasimama pale pale. Ukampiga begani, laini kabisa. Akangoja wa pili vile vile, macho yamefumbwa. Mtoto anayejua kuitafuta katuni yake kwenye simu kabla hajajua kusoma herufi, hakujua kuuondoa mwili wake njiani. Mama alinitazama mara moja tu, kisha akamwendea akapiga goti lile bovu. "Somo yangu, fumbua macho. Ukiuona, unaukimbia."

Tulicheza kama robo saa. Aliichukia. Jumapili iliyofuata aliichukia kidogo. Ya tatu alikwepa mpira mmoja, akageuka kunitazama na uso ambao siku nyingi sikuwa nimeuona, akapigwa na uliofuata kwa sababu ya kunitazama.

Nyumbani ni rahisi kubadilika kwa sababu wenyewe ndio sisi. Shuleni je?

Julai shule zilipofunguliwa nilikwenda kumwona mwalimu wake. Nilikwenda na hasira yangu imekunjwa vizuri ndani ya mkoba, nikitarajia kukuta uzembe. Mwalimu ni msichana mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti. Darasa lake lina watoto 34. Uwanja umezibwa kwa pevingi, una bembea mbili na mtelezo mmoja wa bati, vimepakwa rangi nzuri ya kupigia picha za matangazo.

"Mwalimu, hawa wanacheza muda gani?"

"Saa nne mpaka saa nne na nusu, mama. Wakishanawa na kunywa uji zinabaki kama dakika kumi."

"Na hizo kumi wote wanabembea?"

"Wanapanga mstari. Zamu ikimfikia mtoto, kengele inalia. Na mtelezo saa hizo umeshika moto, hakaliki."

Nikamuuliza kwa nini asiwaongezee. Akasita, kisha akasema kweli, na nashukuru aliisema. "Mama, wazazi wananipigia simu. Daftari likirudi na kurasa mbili tu, simu. Mtoto akirudi na mchubuko, simu. Akirudi mchafu, simu. Hata wewe, mwezi wa pili ulinitumia ujumbe."

Ilikuwa kweli. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, binti yangu akakanyaga tope karibu na geti, soksi nyeupe zikaharibika. Nilimwandikia mwalimu kwamba nalipia shule ili mtoto aangaliwe. Ujumbe ulikuwa bado upo kwenye simu yangu. Niliusoma pale pale mbele yake, nikamwomba radhi.

Jambo hili nataka mzazi mwenzangu anisikilize. Sisi tunadhani shule ndiyo inayowakalisha watoto, na shule inadhani sisi ndio tunaotaka wakalishwe, na wote tuna ushahidi. Mwenye shule anaona mzazi anamlinganisha na jirani kwa wingi wa kurasa zilizojazwa. Mzazi anaona shule iliyozibwa pevingi, anadhani ndiyo shule ya kisasa. Mtoto yuko katikati, ameziba uso.

Nyuma ya cherehani yangu kuna gunia la masalia, vipande visivyotosha hata kola. Wiki ile niliyamwaga sakafuni. Mpira wa kitambaa unakatwa vipande sita vyenye umbo la jani, unaviunganisha ndani kwa nje, unaacha tundu la vidole viwili, unageuza, unashindilia matambara mpaka ugumu wake ufanane na embe linaloanza kuiva, unafunga kwa mkono. Mshono ni wa kurudia mara mbili, la sivyo unapasuka siku ya kwanza. Ukubwa ni wa chungwa, ili kiganja cha mtoto kiukamate. Hauvunji kioo, haupasui mdomo, hauendi mbali, na hivyo vitatu ndivyo nilivyomweleza mwenye shule. Nilishona 36: mmoja kwa kila mtoto, na miwili ya akiba. Sokoni nikanunua kamba ya katani, nikaikata vipande vya kurukia, na kila ncha nikaivika kitambaa kwa sababu katani inachoma viganja. Vilevile niliomba wakati ubadilishwe. Saa nne Tanga jua limekwisha kuwa kali, na miezi ya kaskazi ni tanuri. Saa mbili uwanja ule una kivuli cha ukuta karibu wote. Mwenye shule alikubali kujaribu kwa mwezi mmoja, nusu saa asubuhi kabla ya masomo, mradi mapumziko ya saa nne yabaki kama yalivyo.

Siku ya kwanza nilifunga kibaraza nikaenda kutazama. Kwa dakika mbili hivi walisimama na mipira mikononi wakimtazama mwalimu, wakingoja kuambiwa. Mwalimu akaurusha wa kwake juu akaudaka. Kisha mmoja akautupa ukutani, ukarudi, akaukimbilia. Baada ya hapo sikuweza tena kuwahesabu. Watoto wadogo hawakimbii kama sisi watu wazima tunavyokimbia, mwendo mmoja mrefu. Anachomoka sekunde chache, anasimama, anaokota, anashangaa, anachomoka tena. Ukitazama kwa mbali ni fujo. Ukimfuatilia mmoja, utaona hajatulia hata dakika nzima.

Nilijiona nimevumbua kitu. Mdogo wangu akanitumia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 na Russell Pate wa Chuo Kikuu cha South Carolina na wenzake. Waliwafunga watoto 281 wa shule 9 za awali kifaa kidogo kinachohesabu mitikisiko ya mwili. Walichokikuta ni kwamba shule anayosoma mtoto inaeleza kwa kiasi kikubwa anachezesha mwili kiasi gani. Ndiyo kusema yule tunayemwita mvivu, ukimhamishia uwanja mwingine na mwalimu mwingine anaweza kuwa mtu mwingine. Mwaka 2009 timu hiyo hiyo, safari hii Marsha Dowda akiwa mwandishi wa kwanza, ikatazama shule zenyewe zina nini. Waliokuwa wakijishughulisha zaidi walikuwa kwenye shule zenye uwanja mkubwa, skrini chache, vifaa vingi vya kubebeka kama mipira, na vifaa vichache vya kuchimbiwa chini. Bembea zetu mbili na mtelezo wetu wa moto! Wazazi tunazichangia bembea kwa sababu zinaonekana kutoka barabarani, wakati gunia la matambara halina mwenye kulichangia.

Utafiti ule wa kwanza ulionyesha pia kwamba wavulana walijishughulisha kuliko wasichana. Hilo sikuhitaji kusomewa, maana linaonekana mezani kwangu: katika nguo kumi za kuziba, saba au nane ni za wavulana. Zamani nilidhani wasichana wanatunza nguo. Uwanjani pale nikaona jambo jingine. Wasichana walikimbia mkono mmoja ukiwa kichwani, umeshika hijabu isidondoke, na mwingine umeshika sketi kwa sababu ukiruka inapanda. Mtu asiye na mikono atadakaje mpira?

Na zile hijabu na sketi nimeshona mimi. Sketi ya mtoto mafundi wengi tunaikata nyembamba ili kubana kitambaa, kwa sababu mzazi anaulizia bei na tofauti ya shilingi elfu mbili inampeleka kwa fundi wa pili. Tangu Agosti mwaka jana nimebadilisha. Sketi za watoto wa awali na darasa la kwanza nazitia marinda zaidi, mtoto aweze kupanua hatua yake yote, na lastiki pana kiunoni. Namshauri mzazi amvalishe taiti ndani. Hijabu naifupisha ifikie mabega tu na kuitia lastiki laini kisogoni, inakaa hata akining'inia kichwa chini. Ustadhi wa chuo chetu niliiona anaitazama, nikaogopa, kumbe alitaka kujua bei. Mabinti zake wawili wanavaa hizo sasa.

Nikiwa kwa ustadhi, nitaje na njia ya chuoni. Kutoka kibarazani kwangu mpaka chuoni ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu midogo, na mimi nilikuwa nikimlipia bodaboda. Sasa anakwenda na kundi la watoto wa mtaani kwetu, mkubwa wao ana miaka 11, wanapita vichochoro vya nyuma ambako magari hayaingii. Barabara kubwa ni moja tu ya kuvuka, na mama muuza vitumbua pale pembeni amejitolea kuwavusha, kwenda na kurudi. Wiki ya kwanza nilifuata nyuma yao kwa siri kila siku. Hawatembei. Wanakimbizana mpaka mlangoni, na wakiwahi wanacheza kombolela kwa kopo mpaka ustadhi atoke. Halafu wanaingia na kukaa, na ustadhi anasema wanahifadhi vizuri kuliko wanaoshushwa na pikipiki. Hayo ni macho yake, nayaandika kama alivyoniambia.

Kikao cha wazazi cha Septemba hakikuwa chepesi. Baba mmoja alisimama akasema analipa ada mtoto asome, kuruka angeruka bure nyumbani. Nikamuuliza kwa adabu nyumbani kwake anaruka wapi. Akafikiri, akasema wanakaa ghorofani, vyumba viwili. Hakuna aliyemzoma. Mama mwingine mtoto wake ana pumu na aliogopa mno. Alikwenda kumuuliza daktari wake, akarudi na maelezo kwamba mtoto acheze, dawa zifuatwe na pampu iwe kwa mwalimu. Imo kwenye droo ya mwalimu mpaka leo.

Mume wangu ni dereva wa lori la saruji, nyumbani yupo siku mbili kwa wiki, wiki nyingine hata moja. Nyumbani tuna na tableti, na yeye ndiye aliyeileta, kwa mapenzi, ili mtoto asimkumbuke sana. Tulizungumza hilo usiku mmoja na halikuwa zungumzo rahisi, maana mtu aliye barabarani siku tano anataka akirudi awe na kitu mkononi. Wiki iliyofuata alirudi na baiskeli ndogo ya mtumba. Tanga ni mji wa baiskeli, ardhi imelala, na yeye mwenyewe alikulia juu yake. Alifungua pedali zote mbili akaziweka kabatini, akashusha kiti mpaka nyayo za mtoto zikagusa chini, akampeleka viwanja vya Tangamano. Mtoto anasukuma kwa miguu, akipata mwendo anainua nyayo. Akishajua kukaa wima ndipo pedali zinarudishwa. Zilirudishwa Jumamosi ya tano. Wanakwenda mpaka Raskazone sasa, yeye na baba yake, mapema kabla jua halijapanda, na baba anarudi amelowa jasho kuliko mtoto. Sijawahi kumsikia akimwambia afanye mazoezi. Anamwambia, "Twende."

Mengi bado. Televisheni inawashwa mapema kuliko ninavyotaka, hasa nikiwa na kazi ya harusi. Januari anaingia darasa la kwanza kwenye shule nyingine, yenye watoto wengi zaidi, na sijui nitaanzia wapi na mwalimu mpya mwenye watoto 80 mbele yake. Kwenye mtaala mpya wa msingi kuna somo la Sanaa na Michezo, jambo zuri, lakini sijui darasani litapata muda kiasi gani. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, nayo naipenda, hata bukta zake nimeshona, ila inawachukua wale ambao tayari wanakimbia. Mwenye kuziba uso hachaguliwi na timu yoyote.

Alhamisi iliyopita nilimshonea binti yangu sketi yake mara ya pili muhula huu: mfuko umeng'oka, pindo limetoka upande wa kushoto. Nilimuuliza ilikuwaje. Akanieleza habari ndefu yenye paka, ukuta na mwenzake aliyemwahidi karanga, sikuielewa yote.

Na sasa hivi nikiandika, ujumbe wa mwalimu umeingia. Mvua za vuli zimeanza, mipira imelala nje mara mbili, matambara ya ndani yameshika maji, na kumi na minne imeota ukungu. Anauliza kama naweza kushona mingine kabla ya Jumatatu, na kama ndani naweza kutia kitu kisichonyonya maji. Kuna ndala kuukuu tatu uani. Nikizikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, nadhani zitafaa. Ngoja nikajaribu mmoja.